Rangi ya maji, rangi ya mafuta au chokaa? Kuchagua rangi ya nyumba upande wa Kakamega

Chukua ndoo mbili za rangi ileile ya nje. Moja uipake kwenye nyumba ya Nakuru mjini, nyingine kwenye nyumba ya Shinyalu kando ya msitu. Shida ya nyumba ya Nakuru itakuwa vumbi na jua: rangi itapauka polepole na kuacha unga mkononi ukiigusa. Nyumba ya Shinyalu itapambana na mambo mengine kabisa. Ukuta unaotazama miti utaanza kuwa kijani kutoka chini, madoa meusi yatajitokeza chini ya madirisha, na pale penye ufa rangi itafura malengelenge kisha ibanduke vipande vipande. Mwenye nyumba atasema aliuziwa rangi feki. Hilo hutokea, lakini mara nyingi rangi yenyewe haikuwa na kosa. Ilipelekwa kwenye ukuta usiokuwa wake.

Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Nakuru. Mvua ndefu huanza Machi na kuendelea hadi Mei au Juni, halafu inarudi Agosti, na miezi ya kiangazi cha kutegemewa ni Desemba hadi Februari tu. Tena mvua yetu hupenda alasiri. Asubuhi jua linawaka, saa nane wingu limeshafunga, na ukuta uliokuwa umeanza kukauka unaloa upya, halafu usiku unaingia na umande. Ukiishi karibu na msitu, Isecheno au Buyangu kwa mfano, ongeza kivuli cha miti na vimbegu vya kuvu vinavyoelea hewani mwaka mzima.

Kwa hiyo mimi huipima rangi ya huku kwa swali moja: ukuta ukishalowa, je, rangi hii itauacha ukauke? Maji hayaingii kwa kupigwa na mvua tu. Yanapanda kutoka ardhini, yanapenya kwenye nyufa, yanatoka ndani ya nyumba kama mvuke wa jikoni. Rangi inayoziba kabisa huyafungia humo. Ukiliweka swali hilo mbele, uchaguzi unakuwa rahisi kuliko orodha ya duka inavyoonyesha.

Rangi ya maji ya ndani au ya nje?

Nianze na hapa kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. Kwenye hadwea ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji ya ndani ni rahisi zaidi kuliko ya nje, na zikishapakwa zinafanana. Fundi asiyejali, au mwenye nyumba aliyebanwa, huchukua ile ya ndani na kuahidi kupaka mara tatu badala ya mbili.

Tofauti iko kwenye kinachoshikilia. Rangi ya ndani ina unga mwingi wa kujaza na gundi kidogo. Ikinyeshewa, gundi hiyo hulegea na unga hutiririka ukutani. Rangi ya nje iliyo nzuri ina gundi nyingi ya akriliki, ambayo inanyumbuka kidogo ukuta unapotanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi, na inazuia matone ya mvua huku ikiachia mvuke utoke. Juu ya hayo huwekewa dawa ya kuua kuvu na mwani. Dawa hiyo haikai milele. Mvua huichuja kidogo kidogo, na huku kwetu huisha mapema kuliko sehemu kavu. Ndiyo maana rangi iliyokaa vizuri miaka mingi Naivasha haiwezi kukupa miaka hiyohiyo Kakamega, hata kama lebo ni ile moja.

Hapa sina utata: kwa ukuta wa matofali au mawe uliopigwa plasta ya saruji, chagua akriliki ya nje, mipako miwili kamili juu ya praima ya kuzuia alkali, yaani rangi ya kwanza ya chini inayokinga dhidi ya ukali wa saruji. Ujira wa fundi na kazi ya kupanga jukwaa ni ileile hata ukipaka rangi dhaifu, na utailipia tena mapema.

Hesabu yake si ngumu. Kwenye plasta laini lita moja hufunika mita 10 hadi 12 za mraba kwa mpako mmoja. Nyumba yenye mita 120 za mraba za ukuta wa nje itahitaji lita 24 kwa mipako miwili, yaani ndoo moja ya lita 20 na mkebe mmoja wa lita 4. Kama ukuta ni rafukasti, ile plasta ya kurushwa yenye vinundu, hesabu inaweza kufika mara mbili. Watu huipenda rafukasti kwa kuwa inaficha nyufa, lakini karibu na msitu kila kinundu kinashika udongo, kinashika maji, na mwani unapata mahali pa kuota. Anayejenga sasa maeneo ya Ilesi au Khayega, nakuomba sana, piga plasta laini.

Fundi akiongeza maji kwenye mpako wa kwanza ili ukuta unyonye, hakuna ubaya, mradi afuate lebo. Akiendelea kuongeza kwenye mpako wa mwisho, amekuondolea gundi na dawa uliyonunua kwa bei ghali. Simama hapo uone.

Na kama mvua itanyesha saa chache baada ya kupaka, unaweza kuona michirizi ya kahawia inayonata kama sabuni ikishuka ukutani. Hiyo ni sabuni ya kiwandani inayotoka kwenye rangi kabla haijakomaa. Mara nyingi huoshwa kwa maji safi ikaisha. Usikimbilie kupaka upya juu yake.

Rangi ya mafuta ukutani

Ninaelewa kwa nini watu huipenda. Inang'aa, inafutwa kwa kitambaa, tope jekundu la mvua halishiki. Madarasa mengi yamepakwa rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi kimo cha bega, na kwa ndani hilo ni jambo la busara, kwa sababu watoto wana mikono na ukuta lazima usuguliwe.

Nje ni habari nyingine. Kwanza, rangi ya mafuta huziba ukuta kuliko akriliki. Unyevu uliomo ndani, ukisukumwa na jua la asubuhi, hukosa njia na kuinua rangi kwa malengelenge. Pili, plasta mpya ya saruji ina alkali kali. Ikikutana na mafuta pamoja na unyevu, mafuta yanageuka kuwa sabuni kweli, kwa kemia ileile ya kupikia sabuni, na rangi inakuwa laini, inanata, kisha inabanduka. Tatu, mafuta ya mimea yaliyomo kwenye rangi hiyo ni chakula cha kuvu. Ndiyo maana chini ya upenu wenye kivuli utaona rangi ya mafuta imeota madoa meusi wakati akriliki iliyo karibu nayo bado safi.

Mahali pake ni chuma. Madirisha ya chuma, milango ya chuma, vyuma vya kuzuia wezi: sugua kutu kwa brashi ya waya na msasa, paka redoksidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo kabla umande haujaingia, kisha andakoti (rangi ya katikati) na rangi ya mafuta. Hapo akriliki ya kawaida haifui dafu.

Tahadhari moja kuhusu rangi ya mafuta ya zamani. Rangi nyingi za miaka iliyopita, hasa za njano, nyekundu na kijani, zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kiwango cha Kenya sasa kinaruhusu sehemu zisizozidi 90 za risasi kwa kila sehemu milioni. Kama unakwangua milango ya shule au nyumba kuukuu, lowesha kwanza, tumia msasa wa maji, tandaza karatasi ya nailoni kushika vumbi, na watoto wakae mbali hadi usafi ukamilike. Kukwangua kukavu kunatawanya sumu ua mzima.

Ule mkanda mweusi chini ya ukuta

Hakuna nyumba ya huku isiyoujua. Futi mbili za chini hupakwa nyeusi, ama rangi ya mafuta ama lami ya maji, ili matope yanayoruka yasionekane. Kwa macho unasaidia. Kwa ukuta unaleta shida, na ningependa mtu aeleze hili kila mahali.

Maji yanayopanda kutoka ardhini, hasa nyumba ikiwa haina dipisi (ile karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi) au dipisi imefunikwa na udongo, yalikuwa yakitoka kwenye sehemu hiyo ya chini. Ukiiziba kwa lami, yanaendelea kupanda hadi yapate upenyo. Mwaka unaofuata doa la unyevu linaonekana juu ya mkanda, na ile chumvi nyeupe inayochanua kama unga inaonekana ndani ya sebule nyuma ya kochi. Mwenye nyumba anapandisha mkanda juu zaidi. Maji nayo yanapanda.

Linganisha na gharama ya kuondoa chanzo. Weka gata, maana bila gata maji yote ya paa yanaanguka kwenye mstari mmoja na kuruka ukutani. Chimba udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya dipisi. Mwaga kokoto au jenga njia ya saruji inayoinamia nje, upana wa mita moja hivi. Baada ya hapo sehemu ya chini ipake akriliki ileile ya juu, lakini kwa rangi ya udongo wetu: hudhurungi, au nyekundu ya matofali. Tope likiruka halionekani, na ukuta unakauka.

Chokaa haijapitwa na wakati

Ukisema chokaa, watu wengi hufikiria mawe ya kando ya barabara na mashina ya miti kwenye uwanja wa chifu. Ni dharau isiyostahili. Chokaa tunayo karibu, inachimbwa na kuchomwa pale Koru, na katika hali ya hewa yenye unyevu ina sifa mbili ambazo rangi ya ndoo haina. Inaacha ukuta upumue kabisa, na alkali yake ni kali kiasi kwamba kuvu haioti ikiwa bado mpya. Ikiwa ukutani hunyonya hewa ya ukaa na kugeuka kuwa jiwe jembamba. Haibanduki kwa malengelenge, kwa sababu haina ngozi ya kubandua.

Ubaya wake nao usifichwe. Inaacha weupe kwenye nguo ukiegemea. Mvua ya kupigwa na upepo katika siku zake za kwanza huiosha. Inataka kurudiwa takriban kila mwaka, na haishiki juu ya ukuta uliowahi kupakwa akriliki au mafuta. Anayetaka kupaka mara moja na kusahau, chokaa si yake. Kwa mwenye ukuta wa zamani unaovuja unyevu kutoka ardhini, au jiko la nje, boma la ng'ombe, banda la kuku, choo, ghala, mimi naiweka mbele ya rangi zote.

Ifanyike hivi. Nunua chokaa iliyozimwa ya gunia, iloweke kwa maji usiku kucha, ichuje, halafu iongezee maji hadi iwe nyepesi kama maziwa. Nyunyizia ukuta maji kwanza. Paka nyembamba, ngoja hadi kesho yake, paka tena, mara tatu au nne. Ikipakwa nzito inapasuka na kumomonyoka. Ikiwa bado mbichi haionekani sana, na fundi asiyeijua ataongeza unene akidhani hajafunika. Mwambie asubiri, weupe unakuja ikikauka. Ukitaka rangi nyingine tumia unga wa oksidi ya chuma, mwekundu au wa manjano, ambao hauliwi na alkali. Kuna wanaotia chumvi. Katika ukavu inaweza kufaa, lakini huku chumvi inavuta maji, kwa hiyo iache. Na linda macho: tone la chokaa jichoni linaunguza, lioshwe mara moja kwa maji mengi, kisha uende hospitali.

Nyumba za udongo

Kila Desemba, kabla wana hawajarudi kutoka Nairobi kwa Krismasi, akina mama wa Isukha na Idakho hukandika kuta upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, wengine wakapamba kwa udongo mweupe na majivu. Huo ni utaalamu, na wakati wake umechaguliwa vizuri: ndio mwanzo wa miezi mikavu. Ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa bila kudhurika, ilimradi upenu umeenda nje vya kutosha na msingi umeinuliwa.

Kosa linaloniuma ni kijana mwenye nia njema kumletea mamake ndoo ya akriliki au mifuko ya saruji ili "nyumba ionekane ya kisasa". Plasta ya saruji ni ngumu, udongo ni laini na unacheza. Nyufa zinatokea, maji yanaingia nyuma ya plasta, hayatoki, na udongo unageuka tope ndani kwa ndani hadi plasta inaanguka kwa mabamba. Akriliki moja kwa moja juu ya udongo hubanduka ikiwa imeshika ngozi ya udongo wenyewe. Kati ya akriliki na chokaa juu ya udongo, ni chokaa. Kati ya chokaa na kukandika upya, amua kwa nguvu za mikono iliyopo nyumbani. Na kama kijana ana pesa za saruji, azitumie kwenye gata na kurefusha upenu. Mama atamshukuru kila msimu wa mvua.

Mbao na mabati, kwa ufupi

Kwa nyumba za mbao, kama zile nyingi za upande wa Nandi, ulinganisho ni kati ya vanishi inayong'aa na mafuta ya kuni yanayozama ndani. Vanishi inapendeza, lakini ikipasuka maji yanaingia chini yake, mbao inakuwa nyeusi, na kuirudia lazima ukwangue yote. Mafuta yanayozama hayabanduki. Yakififia unaosha na kupaka tena. Nachagua mafuta, na vichwa vya mbao pale zilipokatwa vinyweshwe mara kadhaa kwa sababu ndiko maji huingilia. Oili chafu ya gari inafukuza mchwa kwa muda, lakini inachafua udongo na kisima, na baadaye hakuna rangi itakayoshika juu yake. Usiitumie kwenye nyumba ya kuishi.

Mabati mapya meupe usiyapake rangi ya mafuta moja kwa moja. Zinki nayo hugeuza mafuta kuwa sabuni, na rangi itatoka. Tumia praima iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki, au nunua mabati yaliyokwisha kupakwa kiwandani. Kwa anayeezeka sasa, hayo ya kiwandani ndiyo bora.

Kabla ya kufungua ndoo

Kuna kijani na weusi ukutani? Hivyo vina uhai, na rangi haiviui. Vikipakwa juu vitapenya. Changanya Jik sehemu moja na maji sehemu tatu, paka, acha dakika 15 hadi 20, sugua kwa brashi ngumu, suuza, acha ukuta ukauke siku kadhaa. Vaa glavu na miwani, na kamwe usichanganye Jik na asidi ya kuoshea choo wala dawa yenye amonia, kwani hutoa gesi inayoweza kuua.

Plasta mpya ipewe siku 28 za hali ya hewa nzuri, na hapa "nzuri" ina uzito; siku 28 za Mei hazihesabiki. Ili kujua kama ukuta umekauka, bandika kipande cha nailoni angavu ukutani kwa utepe pande zote nne na ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa ndani, bado.

Paka Desemba hadi Februari. Anza umande ukishakauka, na mpako wa nje uwe umeisha kufikia saa saba mchana, ili upate saa chache kabla ya wingu la alasiri. Rangi ya mafuta inataka usiku mzima mkavu kabla ya mpako wa pili.

Nami lazima niseme kuhusu hizi paa zilizofichwa nyuma ya ukuta, zinazojengwa sasa kila mahali. Zinapendeza kwenye picha. Katika mvua ya Kakamega zinauacha ukuta mzima bila kofia, na gata ya ndani ikiziba kwa majani, maji hushukia ndani ya ukuta wenyewe. Hakuna ndoo itakayofidia upenu wa sentimita 60 hadi 90. Ukishaijenga hivyo, basi weka kifuniko chenye mteremko juu ya kuta, safisha gata kabla ya Machi, na utenge pesa za kupaka mara nyingi zaidi.

Ikiwa pesa zinatosha akriliki nzuri ya upande mmoja tu mwaka huu, anza na ukuta wa kusini. Tuko karibu kabisa na ikweta, na kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini hukosa jua la moja kwa moja karibu mvua ndefu nzima. Huo ndio unaoota kijani kwanza. Ukuta wa pili uwe ule unaopigwa na mvua ya upepo pale ulipo, na huo unaujua mwenyewe kwa kuangalia ni dirisha lipi hukimbilia kulifunga kwanza. Zile mbili zilizobaki zioshe kwa Jik na uziache hadi Desemba nyingine, ila andika nambari ya rangi ndani ya mlango wa kabati, kwa sababu kifuniko cha ndoo kitapotea.